Soko Lililoandikiwa Sifuri

Shangazi yangu alikusanya ushuru wa soko kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakupokea pesa ya mtu bila kumpa karatasi. Sokoni walimwita Bi Risiti. Ukimwambia, "Leo nina haraka, karatasi baki nayo," alikutazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akakata risiti, akakutilia mkononi, ndipo akaenda meza inayofuata. Mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye meza ya tatu kutoka lango kuu, na ingawa ni mtoto wa kaka yake hakunisamehe hata siku moja. Kuna siku nilimwona anakuja nikainama chini ya meza, nikijifanya natafuta kifungo kilichodondoka. Alisimama akasubiri nikipate.

Naeleza habari zake kwa sababu watu wanazieleza vibaya. Wengine wanasema aliliokoa soko, wengine wanasema ndiye aliyetaka kuliua. Wote wana ukweli kidogo, na kwa kuwa hasira zangu ziko karibu, ni heri niseme mwenyewe kuliko kugombana na kila mteja.

Mwaka ule jiji lilikuwa limefulia. Mshahara wa mwezi wa pili wafanyakazi wake waliupata mwezi wa nne. Bei zilipanda hadi wateja wangu wakawa wananunua kifungo kimoja kimoja, na ungeweza kukutana na mtu wa heshima zake ana shati lenye vifungo vya rangi tatu. Basi asubuhi moja ikabandikwa karatasi kwenye ubao wa matangazo: orodha ya vituo vya jiji "visivyojitegemea", ambavyo vingefungwa na viwanja vyake viuzwe ili kuziba pengo la bajeti. Soko letu lilikuwa la kwanza. Mbele ya jina lake, kwenye safu ya ushuru wa kila siku, paliandikwa sifuri.

Sifuri! Meza mia tatu na kumi, kila siku ya Mungu, halafu sifuri. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. "Wakubwa wamekula!" nilisema, na soko zima likaitikia, wamekula, wamekula. Shangazi hakuitikia. Alivaa miwani, akaisoma karatasi mara mbili.

"Pesa nakabidhi kila siku na nasainiwa," alisema. "Naenda kuuliza inalala wapi."

Nilifunga meza nikafuatana naye hadi ofisi ya mapato. Karani aliyetupokea alikuwa mtu mzima mwenye mvi, wanafahamiana na shangazi miaka mingi. Alifungua daftari kubwa. Soko, namba kumi na moja: sifuri, miaka sita mfululizo. Stendi ya mabasi, namba saba: pesa nyingi, ukurasa baada ya ukurasa. Shangazi akaanza kupitisha kidole kwenye kurasa za stendi, kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Hii ya tarehe tisa ni yangu," alisema. "Mvua ilinyesha kutwa, meza arobaini hazikufunguliwa. Na hii pia yangu. Zote hizi zangu."

"Hebu nione kitabu chako, dada," karani alisema.

Shangazi akakitoa mkobani. Karani akaweka kidole kwenye kona ya juu ya risiti, palipoandikwa namba ndogo ambayo hakuna mtu sokoni aliyewahi kuisoma. Ilikuwa saba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka sita nyuma soko letu liliungua, tukahamishiwa uwanja wa nyuma ya stendi kwa miezi minane. Jiji likatuchapishia risiti zenye namba ya stendi, maboksi kwa maboksi. Soko lilipojengwa upya tukarudi, na maboksi arobaini yalikuwa bado hayajafunguliwa. Wakusanyaji wenzake walitaka kuyachoma. Shangazi, aliyekuwa mkubwa wao na ambaye nyumbani kwetu hukata sabuni vipande vinne ili isiishe haraka, alikataa. Mali ya umma haitupwi, alisema, tumalizeni kwanza hizi. Zilipokaribia kwisha akapeleka kitabu kimoja kwa mchapaji, akamwambia, "Tuchapishie kama hiki." Mchapaji akachapisha kama hicho. Ndivyo alivyofanya kila mwaka.

Nilitamani sana tumpate mwizi. Mwizi unamtukana, unalala vizuri.

Karani alifunga daftari taratibu. "Dada, umebakiza wiki tano ustaafu," alisema kwa sauti ya chini. "Nitairekebisha namba mwaka ujao, kimyakimya. Chukua kiinua mgongo chako ukapumzike."

"Mwaka ujao soko litakuwa limeshauzwa."

"Basi litakuwa limeuzwa. Wewe utakuwa umekula chako."

Shangazi akachukua kitabu chake akasimama. "Kosa nimelifanya mimi," alisema. "Nikanyamaze watu mia tatu wakose pa kusimama?"

Hapo lazima nimlete mama, maana bila yeye habari hii ni nusu. Kila kituo cha jiji hurudishiwa sehemu moja kati ya tano ya ushuru kinaoukusanya, kwa ajili ya usafi na matengenezo. Kwa hiyo kwa miaka sita soko letu halikupata kitu: paa likavuja, mifereji ikaziba, choo kikafungwa kwa kufuli. Stendi, kwa upande wake, ilinenepa. Ilipakwa rangi, ikawekewa viti, ikaajiri wafagiaji wanane kwa mkataba. Mmoja wao alikuwa mama yangu. Tunaishi nyumba moja, mama na shangazi, vyumba viwili na jiko la pamoja tangu baba afariki, na mama hakuwahi kuchoka kumtania. "Wifi, huko sokoni kwenu mnavukia maji kwa matofali," angesema. "Njooni stendi mle sakafuni." Ile sakafu ilikuwa paa letu. Mshahara uliolipia kodi yetu ulikuwa mifereji yetu. Nililielewa hilo njiani kurudi nyumbani.

Shangazi alimwambia mama siku ileile, jikoni, kabla hajavua viatu. Hakupamba maneno. Alieleza maboksi, namba, mchapaji, na kwamba Alhamisi kuna kikao cha maoni ya bajeti na yeye atasema yote.

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Kwa hiyo unaenda kunifukuza kazi," alisema.

"Naenda kusema nilichokifanya, wifi."

"Unajua wakihamisha hizo pesa stendi itabaki na nini?"

"Najua."

"Na kodi ya nyumba hii unajua analipa nani?"

"Najua, wifi. Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza."

Mama akabeba nguo zake akaingia chumbani. Siku tatu hawakusemezana. Mimi nilikuwa katikati kama mbeba barua: "Mwambie shangazi yako chumvi imeisha." "Mwambie mama yako nimeiona." Nilimkasirikia mama, kisha nikamkasirikia shangazi, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana nilikuwa na meza sokoni na mama stendi, na kila nilipouombea mema upande mmoja nilikuwa nauombea mabaya upande wa pili.

Alhamisi shangazi alivaa gauni lake la kijivu la mikutano. Alipakia kwenye mkokoteni magunia mawili ya vishina vya risiti, vile vipande vinavyobaki kitabuni risiti ikikatwa, maana hakuwahi kutupa hata kimoja, na tukayasukuma wawili hadi ukumbi wa jiji. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Wafanyabiashara wenzangu walitumia za kwao kutukana. Zamu ya shangazi ilipofika akasimama mbele ya mhazini wa jiji akasema, "Mheshimiwa, soko halikukosa pesa. Mimi ndiye niliyeagiza tutumie risiti za stendi. Pesa ya soko imeandikwa stendi miaka sita, na vishina hivi hapa."

Mhazini, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, aliomba kishina kimoja akakigeuza huku na huku.

"Mama, hapa pameandikwa saba," alisema. "Saba ni stendi. Magunia haya yanathibitisha kwamba stendi inakusanya vizuri. Yanathibitishaje kwamba ni soko?"

Shangazi alichukua kishina kingine akakitazama. Kishina hakina jina la mtu wala la mahali. Kina namba, tarehe na kiasi, na daftari aliposainiwa kila siku nalo lilisoma saba. Miaka thelathini na moja alikuwa anaamini kwamba karatasi ndiyo shahidi wa kila kitu, na sasa magunia mawili ya karatasi yalikuwa yanatoa ushahidi dhidi yake. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Nikasimama nipige kelele, ndiyo kazi ninayoiweza, lakini sauti nyingine ikanitangulia kutoka safu ya mwisho.

"Stendi ina meza kumi na nne."

Alikuwa mama. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, ile ya kijani yenye jina la stendi mgongoni. Sikujua ameingia saa ngapi. Nilidhani amekuja kumpinga wifi yake.

"Wewe ni nani?" mhazini aliuliza.

"Mfagiaji wa stendi. Kila siku nafagia chini ya kila meza. Ziko kumi na nne, na mbili mwenyewe anauguliwa, hafungui. Mabasi yanalipia getini kwa tiketi zake, si kwa hizo risiti." Akaonyesha magunia kwa kidole. "Humo mna risiti mia tatu za kila siku. Stendi tutazikata kwa nani, kwa paka?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Mhazini aliweka kalamu chini.

"Mama, unaelewa kwamba ukisema hivyo stendi itapungukiwa? Pamoja na mishahara ya usafi?"

"Naelewa. Kwani nimesema napenda? Nimesema ni kumi na nne. Tumeni mtu akahesabu."

Wakatuma mtu. Alirudi baada ya saa moja, jasho likimtoka, akamwandikia mhazini namba kwenye kipande cha karatasi. Kabla ya mchana soko letu lilikuwa limefutwa kwenye orodha. Wenzangu walimbeba shangazi juujuu pamoja na magunia, na yeye akawa anapiga kelele washushe kwanza magunia yake yasichanike. Mimi nilikwenda safu ya mwisho. Nilitaka kumwambia mama maneno mengi, nikaishia kumkumbatia na sare yake yenye harufu ya dawa ya sakafu.

"Niache," alisema. "Zamu yangu inaanza saa nane."

Sisemi kwamba mambo yalikwenda vizuri baada ya hapo. Pengo la jiji liko palepale, na wameuza kiwanja kingine mahali pengine, labda penye mtu mwingine wa kupiga kelele. Paa letu limeanza kuzibwa upande mmoja. Shangazi aliandikiwa barua ya uzembe kazini na robo ya kiinua mgongo chake ikakatwa. Stendi ilibakiza wafagiaji watatu kati ya wanane, na mama hakuwa miongoni mwao. Barua yake ilifika Ijumaa ya wiki ya pili. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, akampa shangazi, shangazi akaisoma akaikunja. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyeidai.

Jumatatu asubuhi mama alitoka kwenda kutafuta kazi. Shangazi aliomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza tangu aajiriwe, akavaa gauni la kijivu akafuatana naye.