Managu ya Nthambi

Nthambi ni jirani yangu hapa Kware, ghorofa ya tano, mlango unaotazamana na wangu. Kazi yake si ya kumweleza mtu kwenye ngazi. Kuna tovuti inayochora njia ambazo mwili wa kiumbe hupitia kutengeneza vitu vyake: sukari, rangi ya jani, hata uchungu wa jani. Yeye huchota jeni kutoka hifadhidata za dunia nzima, akazipanga kila moja chini ya kiumbe chake. Binadamu yumo, panya yumo, mpunga umo. Mboga zetu za kienyeji hazikuwemo hata moja, na hilo lilimkera sana. Aliponiambia, nami nikakereka.

Miaka mitatu aliwasumbua wakubwa wake waingize managu. Mwaka jana wakakubali: atume majani makavu, maabara isome jeni zake. Nthambi akashuka kwa Mama Lorine, muuza mboga wetu pale chini ya ploti, jengo letu la kupanga, akasema neno tunalolisema sote jioni: nikatie. Nani Kware hupanda ngazi zote hizo na mboga nzima, halafu aanze kutafuta kisu? Akapewa managu yaliyokatwakatwa, akayaanika, akayatuma. Msomi mzima! Kweli mazoea yana taabu.

Managu yakaingia kwenye tovuti. Nthambi alilia kwa furaha, nami nikawatangazia watu wa ploti nzima.

Mwezi uliopita mtafiti mmoja akamwandikia. Mbona ukurasa wa managu una njia ya kuunda vinundu vya mizizini, vile vya kunde na maharagwe, wakati managu hayana? Nthambi aliisoma barua mara mbili, akanishika mkono, tukashuka.

“Mama Lorine, ile managu ulinikatia mwaka jana, uliweka nini ndani?”

“Kunde kidogo tu. Managu pekee ni chungu, ungekula aje?”

“Haikuwa ya kula. Nilipeleka maabara.”

“Si ungesema! Mtu akiniambia nimkatie, mi najua ni ya sufuria.”

Nilitaka kucheka. Nikamtazama Nthambi, kicheko kikaisha.

“Nyamaza tu,” nikamwambia tulipofika juu, na naona haya kuandika hivyo. Tangu yaingie kwenye tovuti, managu ndiyo yaliyokuwa kazi yake yote. Yakifutwa, naye hana kazi.

“Kuna watu wanajenga utafiti wao juu ya huo ukurasa,” akasema. “Nitanyamaza vipi?”

Akawaandikia wakubwa wake ukweli wote, bila kumtaja Mama Lorine. Jumatano managu yakaondolewa. Ijumaa akaondolewa yeye.

Nilidhani yameisha. Kumbe hifadhidata nyingine nne zilikuwa zimeshaunakili ukurasa ule, vinundu na vyote. Nthambi aliziandikia zote zifute. Tatu zikakaa kimya. Ya nne ikajibu kwa adabu sana kwamba kosa hurekebishwa kwa ombi la mhariri wa ile tovuti ya kwanza peke yake, nao wamekagua orodha ya wahariri, jina lake halimo.

Alinisomea jibu hilo akiwa amesimama mlangoni kwangu. Kisha akanionyesha simu. Katika kurasa zote nne, kwenye nafasi ya mtu anayewajibika kwa taarifa hizo, pameandikwa Nthambi.