Uvimbe wa Fundi Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio, na jina hilo halikumwonea. Alikuwa fundi cherehani aliyeshona huku anasema, akapima watu viuno huku anasema, na hata akiwa na pini nne mdomoni aliweza kumtania mteja aliyenenepa bila kuangusha hata moja. Mumewe, fundi viatu, alikaa upande wa pili wa kibanda kilekile na alishazoea kuitikia kwa kichwa.

Uvimbe ulipomtoka ulimini, upande wa kulia, huko nyuma karibu na magego, Redio hakuhangaika kutafuta sababu. "Ni pini tu, daktari," alimwambia daktari wa meno kabla hajaketi vizuri. "Sisi mafundi ndio ugonjwa wetu. Nimejichoma, pakavimba." Aliisimulia ajali hiyo kwa utamu mpaka daktari akacheka, akaandika jeraha la pini na kumpa dawa ya kusukutua. Dawa haikusaidia, na hospitali kubwa nako alikwenda na maelezo yaleyale. Wakamkata kinyama cha kupima, juujuu, kwa kuwa pini haiendi mbali. Majibu yakaja: hakuna tatizo. Redio akatangaza mtaa mzima.

Uvimbe haukusikia tangazo. Uliendelea kukua taratibu, mgumu kama harage bichi, hauumi. Kisha ubavu ule wa ulimi ukaanza kufa ganzi, chai ya moto akawa anaisikia upande mmoja tu. Hilo hakumwambia mtu. Aliogopa sana, na Redio akiogopa ndipo huongeza maneno.

Siku moja mumewe aliinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona, akaona damu inamchuruzika mkewe mdomoni. Alikuwa amejing'ata ulimi, na bado anasimulia mambo ya jirani kana kwamba hakuna kitu. Mume akaweka kiatu chini.

"Mama watoto, funga. Twende hospitali."

"Na hili gauni la watu?"

"Watu watasubiri."

Safari hii walimkuta daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, mama mfupi asiye na maneno mengi. Redio akaanza: "Daktari, mimi ni fundi, sasa hizi pini..."

"Unazo hapo?"

Alikuwa nazo, zimechomekwa kwenye kola ya gauni kama kawaida.

"Hebu zishike mdomoni, kama uko kazini."

Redio alizichomoa, akazibana. Zilikaa mbele, pembe ya kushoto, vichwa ndani na ncha nje, vilevile alivyofundishwa na shangazi yake alipokuwa msichana. Daktari akavaa glavu, akamshusha taya polepole, akaugusa uvimbe.

"Pini zako zinafika huku?"

Redio akazitema kiganjani. Mkono wake haukuwahi kuzipeleka upande ule hata siku moja. Na ile ajali aliyowasimulia watu wote, alijaribu kukumbuka ilitokea lini, asiione.

"Nakugusa hapa. Unasikia?"

"Hapana," alisema.

Daktari alimweleza kwamba ndani ya ulimi kuna vitezi vidogo vya mate. Uvimbe unaoota humo ni nadra, madaktari wengi hawajauona, nao hujificha chini huku ngozi ya juu ikibaki nzima. Waliompima mwanzo walichukua ngozi, uvimbe wakauacha palepale. Akamchoma sindano ya ganzi, akakata kwa kina.

Siku za kusubiri majibu, cherehani ilikwenda na Redio alikuwa kimya. Wateja walimvuta mumewe pembeni na kumuuliza kama wamegombana.

Majibu yalipofika, daktari hakuzunguka. "Ni saratani ya vitezi vya mate. Inakwenda taratibu, lakini hufuata mishipa ya fahamu, ndiyo hiyo ganzi. Picha ulizopigwa zinaonyesha haijasambaa. Nitaikata, na sehemu ya ulimi itaondoka nayo."

"Nitaongea?"

"Utaongea. Lakini sikudanganyi mama, haitakuwa kama sasa."

Nje ya kliniki mumewe akatoa simu. Binti yao alifanya kazi mji mwingine, na alichojua yeye ni habari ya pini. "Nimwambie mimi?" akauliza kwa upole.

Redio akamnyang'anya simu. Iliita kidogo tu.

"Mama! Za siku nyingi? Ile pini imepona?"

Redio akaegemea ukuta. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Mwanangu, haikuwa pini," alisema. "Kaa chini nikueleze. Na leo usinikatize, tafadhali. Nataka niongee mpaka nichoke."