Salamu za Papa Mwenze

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anaitwa kwenye kipaza sauti, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia kesho unakwenda kuwasemea wenzako mbele ya wakubwa wa jiji, kaa kidogo nikusimulie. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Haidhuru. Masikio yako yanasikia Kiswahili vizuri, na leo nataka masikio tu.

Ilikuwa zamani, miaka michache kabla ya ile korona mnayoisoma vitabuni. Sikuwa huyu mzee mnayemwita Koko na kumshika mkono kuvuka barabara. Nilikuwa kijana, fundi cherehani, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko mkasi wangu. Jengo tulilopanga kule mtaa wa Bertrams lilishika moto mchana, watu wengi wakiwa kazini. Hakufa mtu, lakini vyumba vyote viliteketea. Kanisa likatufungulia ukumbi wake, tukalala humo chini, Wakongo, Warundi na wenyeji, kila familia na kona yake, tukitenganishwa na mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba. Upande wangu wa kulia walikuwa Papa Mwenze na mkewe Mama Feza, wazee wa kutoka Kalemie, kwetu Kongo. Upande wa kushoto alikuwepo MaDlamini, mjane wa hapahapa Joburg aliyekuwa akiuza mboga. Mama Feza alikuwa na kifua kibovu. Ubaridi wa sakafu ulimwingia, akawa anakohoa mpaka sisi tuliokuwa karibu tunakaa kitako kusikiliza kama bado anavuta pumzi.

Wakati huohuo bunge la jimbo lilikuwa na muswada wa misaada ya maafa. Ulikuwa muswada mzuri, sikufichi: waliounguliwa na waliokumbwa na mafuriko wapewe vyumba vya muda, magodoro na mahali pa kuanzia. Ila kilikuwepo kifungu kimoja kilichosema vyumba ni vya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Sisi wenye karatasi za hifadhi ya ukimbizi, zile za kupanga foleni kila mara kuziongezea muda, hatukuwemo. MaDlamini angepata chumba. Mama Feza angebaki sakafuni, na hata hiyo sakafu kanisa lilikuwa limeshasema linaihitaji. Watu waligawanyika vibaya. Walikuwepo wenyeji waliosema wao wenyewe wanangoja nyumba tangu wakiwa vijana, sasa mgeni awapite vipi? Mtu anayesema hivyo si lazima awe na roho mbaya, mwanangu. Amechoka kungoja.

Tukaanza kuzunguka. Tulikwenda ofisi za wabunge wa jimbo, moja baada ya nyingine, mimi, Papa Mwenze na mdogo wangu Dieudonné, ambaye alikuwa mlinzi na alitufuata bila kulala akitoka zamu. Mbunge mmoja alitupa chai na akatusikiliza hadi mwisho. Mwingine alituacha kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Mwishowe tukaambiwa kamati itakuja kwenye ukumbi wa mtaa wa Turffontein kuwasikiliza wananchi, na kila kundi litoe msemaji mmoja. Hatukuhitaji hata kujadiliana. Mzee yupo, nani mwingine aseme? Papa Mwenze atasema kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri.

Siku ya mkutano alivaa koti la kuazima. Mama Feza alimfunga tai akiwa amelala palepale sakafuni, akamwambia, "Papa, usiogope bale bakubwa. Ubaambie tu."

Sasa wewe umezaliwa hapa, hujaona mkutano wa Kikongo wa zamani. Kwetu mtu mwenye adabu haanzi na shida yake, anaanza na watu. Anamsalimu mkubwa kwa cheo chake, anayemfuata kwa cheo chake, wachungaji, wenye mji, akina mama, vijana. Anamshukuru Mungu aliyewafikisha. Anaomba radhi kwa yeyote aliyemsahau. Hapo ndipo watu wanajua kwamba huyu alilelewa, na wakishajua hilo wanampa muda wote anaoutaka. Lakini kwenye meza ya kamati palikuwa na kengele, na kila msemaji alikuwa na dakika tatu.

Papa Mwenze akasimama. Akamsalimu mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani. Nikatafsiri. Akawasalimu wabunge. Nikatafsiri. Akaisalimu nchi iliyotupokea tukiwa na nguo za mwilini tu, akawashukuru wazee wake, walio hai na waliotangulia. Nilikuwa naiona saa ukutani, mwanangu. Nililijua neno lililotuleta. Ningeweza kulichomeka mwenyewe, nani angejua? Lakini maneno hayakuwa yangu, nikatafsiri alichosema. Mwishowe akavuta pumzi, akasema, "Sasa bandugu, kile kilituleta hapa..." na kengele ikalia.

Aliitazama ile kengele. Akainamisha kichwa, akasema asante, akaketi. Hakujua kwamba angeweza kubembeleza nusu dakika kama walivyofanya wengine. Kwake yeye, mwenye nyumba akikunyamazisha, unanyamaza.

Dieudonné akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Eish, munatuchezea! Mzee anawaheshimu, nanyi munamupigia kengele! Hamuna aibu?" Hayo aliyasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kisha akayarudia kwa Kiingereza ili wote wayapate, na akaongeza mengine ambayo sitayarudia mbele yako. Ukumbi ukachafuka. Waliotupinga wakaanza kupiga viti, na hata waliokuwa wametuhurumia wakageuza nyuso. Ndipo Papa Mwenze akasimama tena, polepole, bila kipaza sauti.

"Dieudonné," akasema. "Kaa chini. Haujasalimia batu."

Akakaa. Mpaka leo sijui kwa nini maneno yale yaliutuliza ukumbi ambao wengi wao hawakuyaelewa. MaDlamini alinivuta mkono, akaniuliza kwa Kizulu mzee amesema nini, "Uthini ubaba?" Nikamweleza. Alipoitwa yeye, alikuwa amekuja kujisemea mwenyewe na wenyeji wenzake waliounguliwa, na haki hiyo alikuwa nayo. Badala yake alisema kwamba mzee yule ndiye mtu pekee aliyewasalimu vizuri asubuhi ile, na ndiye pekee ambaye hawakumsikia anataka nini. "Hawu, bakithi," akawasihi, "mimi na mke wake tunalala sakafu moja." Mwenyekiti akavua miwani, akasema kamati itarudi, na waliokatizwa watapewa nafasi.

Tulitoka. Kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, tukingoja kuvuka, Dieudonné akanigeukia mimi mkubwa wake. "Yaya, si ungeruka zile salamu? Ungesema tu ya Mama Feza!"

Kabla sijafungua mdomo, Papa Mwenze akamjibu. "Alisema kile nilisema. Ni mimi nilikawia." Taa ikabadilika, tukavuka.

Kamati ilirudi kweli, lakini baridi iliitangulia. Mama Feza alifariki mle ukumbini mwa kanisa mwezi wa sita, mchana, MaDlamini ameshika mkono wake mmoja na mimi mwingine. Kulikuwa na matanga, tuliimba, tulipika kwenye sufuria za kanisa. Papa Mwenze hakuimba. Nilipomletea chakula alikitazama tu, kisha akaniambia, "Nilibasalimia bote. Yeye ndiye nilimusahau."  Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Siku ya mkutano wa pili alivaa koti lilelile. Tai alijifunga mwenyewe, ikakaa upande, na hakuna aliyethubutu kuinyoosha. Alipoitwa alisimama, akawatazama wote kuanzia mwenyekiti hadi waliokuwa mlangoni.

"Bakubwa, jamboni, na asante kwa kurudi," akasema. "Bibi yangu alikuwa anaitwa Feza. Alilala chini tangu moto mpaka alikufa. Kuko bengine banalala pale leo. Ni hiyo tu."

Nikafungua kinywa nitafsiri, sauti haikutoka. Nilijaribu tena, ikagoma. Dieudonné akasimama, akaja pembeni yangu. Nilimwogopa, sikufichi, maana nilijua yaliyokuwa kifuani mwake. Akakishika kipaza sauti. "Sanibonani," akawasalimu watu kwa Kizulu. Akamsalimu mwenyekiti, akawasalimu wabunge. Kisha akatafsiri maneno ya mzee, neno kwa neno, hakuongeza lake hata moja, kisha yeye na mzee wakaketi. Kengele haikulia. Wale waliokuwa wakipiga viti mara ya kwanza walikuwa wanatazama chini.

Kifungu kilibadilishwa, baada ya vuta nikuvute nyingi. Wakaandika kwamba vyumba ni vya yeyote aliyekuwa akiishi mahali maafa yalipotokea. Sitakudanganya kwamba ni sisi tu tuliofanya hivyo. Walisema wengi, katika kumbi nyingi, na walikuwepo walioukataa muswada ule hadi mwisho. MaDlamini alipata chumba, sisi tukapata, Papa Mwenze akapata. Alitundika kitenge cha Mama Feza dirishani kikawa pazia, na nilipompelekea kitambaa kipya cha pazia nilichomshonea alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akakiweka kabatini.

Basi kesho, mwanangu, usiingie kwa wale watu kama alivyoingia Dieudonné mara ya kwanza, hata kama wamekukosea, hata kama una haki yote. Salimia. Mtu uliyemsalimu ni vigumu zaidi kukutazama kama takataka. Lakini usiipende sauti yako ikitaja vyeo vya wakubwa ukamsahau aliyekutuma. Kabla hujasimama, jiulize ni nani amelala chini akisubiri neno lako, na ukishawasalimu, mtaje huyo mapema, kwa jina lake, muda ukiwa bado wako. Na ukimsemea mtu, sema alichosema, usimtie maneno yako mdomoni.

Haya, nenda ukalale. Mungu akupe kauli njema, akupe moyo usiotetemeka, na awape wale wakubwa masikio ya kukusikia. Na yule unayekwenda kumsemea, namwombea umkute ukirudi, angali mzima, akuulize ilikuwaje.