Kamba Nyekundu Kutoka Mlimani

Mke wangu alikuwa mpagazi wa mlimani. Watu wakisikia hivyo walinitazama mimi, wakamtazama yeye, wakacheka. Mimi ni fundi viatu, kazi yangu ni ya kukaa. Yeye alibeba mahema na sufuria za wageni mpaka kwenye barafu. Akiulizwa mbona mumewe habebi, alijibu, "Yule nikimpandisha, nitamshusha begani."

Akiwa juu aliniandikia barua. Zilishuka na wapagazi waliotangulia, zikafika barabarani, na dereva wa lori akanitupia kibandani. Dereva huyo tulimwita Polepole, maana mwendo huo hakuujua kabisa.

Sikujua kusoma. Barua zilisomwa na shemeji, mdogo wa mke wangu, mwenye saluni mtaa wa nyuma. Mke wangu alilijua hilo, akamwandikia humo humo: "Wewe unayesoma, hapa ruka." Shemeji hakuruka hata neno. Alisoma kwa sauti, wateja wakisukwa, mimi natazama sakafu.

Lakini kabla ya shemeji, mimi nilikuwa nimeshasoma changu. Barua ilikuja imeviringishwa, imefungwa kwa uzi wa kushonea viatu niliompa, kwa fundo nililomfundisha mwenyewe. Unazungusha mara mbili, ncha unairudisha ndani. Tunaliita fundo la kupe, likishika halibanduki. Nikiliona, nilijua mikono yake ni mizima. Yaliyobaki yalikuwa ya shemeji na wateja wake.

Wapagazi wana desturi yao. Mwenzao akifia juu, na mwili hauwezi kushuka upesi, huchomoa kamba za viatu vyake wakazitanguliza nyumbani. Hakuna anayesema kitu. Ukipokea kamba, umeshaambiwa.

Mwaka ule theluji iliwakuta njiani. Habari zilishuka vipande vipande. Mahema yamefunikwa. Kuna wapagazi hawaonekani. Nilikuwa nikigonga misumari na kujigonga vidole, na sikusikia maumivu.

Polepole akaja. Siku zote hutupa barua bila kuzima injini. Siku ile alizima. Akashuka, akanipa kwa mikono miwili.

"Nimepewa kule chini, fundi. Mimi sijui kitu."

Barua ilikuwa imefungwa kwa kamba ya kiatu, nyekundu. Ncha zake nilizitia nta kwa mkono wangu kabla mke wangu hajaondoka. Na fundo halikuwa la kupe. Lilikuwa fundo la mtu anayefunga gunia.

"Nikupeleke mahali?" Polepole akauliza.

"Hapana."

Nikaenda kwa miguu. Njiani ndipo nilipoona nimeshika kiatu cha mteja mkono wa pili. Sikurudi.

Shemeji alikuwa akiosha mtu kichwa.

"Leo umekuja na kiatu, shemeji? Mimi sishoni," akasema. Kisha akaiona kamba. Na yeye alikuwa ndugu wa mpagazi, aliijua desturi. Akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena.

"Dada, povu linaniingia machoni," mteja akalalamika.

"Liache liingie."

Fundo lile baya alilifungua kwa meno. Akakunjua karatasi.

"Huu si mwandiko wake."

"Soma."

"Ngoja, shemeji."

"Soma kwa sauti, kama siku zote."

Hakusoma. Macho yake yalishuka na karatasi, mimi nayafuata. Yakafika chini, yakarudi juu, yakaanza upya. Maji ya bomba yalikuwa yakimwagika na hakuna aliyeyafunga. Nikashika ukingo wa sinki. Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza nitampokea wapi, sebuleni au chumbani.

Shemeji akajibwaga kwenye kiti cha wateja.

"Anakutukana," akasema.

"Nani?"

"Dada. Anasema kisigino cha kushoto ulikipiga misumari huku unasinzia."

Nilikaa sakafuni, kwenye nywele za watu.

Ndipo akaisoma yote. Barua iliandikwa na mpishi wao. Mke wangu alikuwa amelala hemani, mikono imefungwa vitambaa, baridi imekula vidole. Miguu ilivimba mpaka viatu vikakatwa kwa kisu. Mpishi alikuwa mgeni kwenye kazi ile. Alipotafuta cha kufungia barua, aliona kamba imelala bure, akaichukua. Hakuna aliyekuwa amemwambia maana yake.

"Huyo mpishi akishuka," shemeji akasema, "mleteni hapa. Nitamnyoa bila maji."

Mteja mwenye povu alikuwa akilia kuliko sisi sote. Sijui kama ni povu.

Walimshusha kwa machela. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaondoka, na mlima ukaisha. Nikamshonea viatu vya bizimu, asihangaike na kamba. Akavitazama.

"Hivi ni vya mtoto wa chekechea."

"Kamba utazifungaje?"

"Nimeolewa na fundi."

Basi kila asubuhi alinyoosha mguu, nikafunga, kwa fundo la kupe. Alilipa kwa njia yake. Alikaa kando ya kiti changu cha kazi, akanifundisha herufi, akizichora kwenye vumbi la ngozi kwa kidole gumba. "Nimechoka kusomewa na yule mbea," alisema. Haya ninayoandika ni yale aliyonifundisha.

Amekufa mwaka huu, nyumbani, mchana, amekaa kitini kwake amevaa viatu. Shemeji alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa natia nta uzi, nikamsemesha, hakujibu.

Wapagazi wazee walikuja, wale waliobaki. Walisimama mlangoni wakivitazama viatu vyake. Mkubwa wao akaniambia, "Kamba zitoe wewe, fundi. Sisi leo hatuwezi."

Nikapiga magoti. Mafundo yalikuwa yangu, ya asubuhi ile ile, na nilikuwa nimeyakaza.

Nilichelewa sana kuyafungua. Walinisubiri.