Dalali hataji bei kwa mdomo: jinsi tulivyomuuguza jirani yetu hapa Isiolo

Wakuu, wa "salaam aleikum" nawasalimu hivyo, na wa "habari zenu" nawasalimu vilevile. Huku kwetu Isiolo tunatumia zote mbili.

Nitaandika niliyoyaona mwenyewe. Pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, mtu wa Meru, ninaishi mtaa wa Kiwanjani. Shule niliachia darasa la nane, mengine nimejifunza kwa vitabu vya mitumba. Nayataja haya ili mjue kwamba mimi si daktari, na pia mwelewe kosa langu lilitoka wapi. Fundi huamini geji, ile saa ya kupimia presha.

Jirani yangu alikuwa Mzee Guyo, Mborana, dalali wa mifugo kwa maisha yake yote. Mbuzi akipita barabarani alikuwa anamwambia mwenye mbuzi bei yake kabla ya salamu.

Alipata saratani, ikafika kwenye mifupa. Hospitali ikasema kilichobaki ni kumtuliza, na yeye akasema atatulizwa nyumbani kwake.

Hapo mtaani tuna kikundi cha kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Kilianzishwa na akina mama, wa msikitini na wa kanisani pamoja. Kuna anayefua mashuka, kuna anayeleta maziwa ya ngamia, kuna anayekaa tu na mgonjwa ili mwenye nyumba aende sokoni. Sister mmoja muuguzi alitufundisha kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa na kupima dawa.

Mimi nilipewa zamu ya Ijumaa saa sita hadi saa nane, kwa sababu wengi wako msikitini. Jumapili wao hushika zamu zetu sisi wa kanisani. Hakuna aliyeandika mkataba.

Kwa vile napenda kuandika, nilipewa pia daftari. Kila jioni nilikuwa napita kumuuliza Mzee Guyo swali moja: maumivu ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi? Sister aliitegemea namba hiyo. Ikipanda, anaongea na daktari, na kipimo cha mofini, dawa ya maumivu, kinaongezwa. Ikikaa chini, kipimo kinabaki palepale.

Mzee alikuwa anajibu, "Mbili."

Siku kumi na moja niliandika mbili. Mstari mzuri, umenyooka. Hata nilijivunia.

Siku ya kumi na mbili mkewe, Mama Halima, alinifuata hadi kwenye geti.

"Fundi, hiyo kitabu yako inadanganya."

Nikamwambia naandika anachosema mzee. Akasema mzee hagusi chakula, halali, na shuka analolalia amelitoboa kwa meno. Kisha akaniuliza kama kule kwenye kazi yangu pampu ikigonga naendelea kusoma geji tu.

Alisema kweli, wakuu. Pampu ikigonga na geji ikasema ni sawa, unakagua geji. Hilo nalijua tangu nikiwa kijana.

Lakini ningeikagua vipi? Nilimuuliza mzee tena, polepole, kwa Kiswahili na kwa Kiborana changu kibovu. Mbili. Chumbani walikuwa wanawe, wakwe zake, na wazee watatu wa ukoo, kama kila jioni. Sikuliona hilo kuwa na uhusiano wowote. Mgonjwa huku hakai peke yake, na tunaona ni jambo jema.

Kesho yake alikuja Ekai, Mturkana, mnunuzi wa mbuzi ambaye ameshindana na Guyo sokoni miaka mingi. Watu wote tulikuwa tunaingia kwa sauti ya mazishi. Ekai aliingia na fimbo yake, akamtazama mzee kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Guyo, umekonda kama mbuzi ya kiangazi. Hata ya bure sikuchukui."

Mzee akafungua jicho moja. "Wewe hujawahi kununua mnyama mzuri. Jicho yako ilikufa kitambo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu aletwe nyumbani.

Nikatoa daftari, nikauliza swali langu. Mzee akajibu mbili. Ekai akanigeukia, akanitazama kwa huruma.

"Fundi, wewe unauliza dalali bei mbele ya watu? Dalali hataji bei kwa mdomo."

Kwa wasiojua soko letu: madalali wa zamani wakipatana bei hushikana mikono chini ya shuka la begani. Akikushika kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, vyote vitano ni tano, kisha anaongeza. Akikupa ngumi, hakuna kitu. Watu wamesimama pembeni na hawajui lolote. Bei ikikubaliwa, anaacha vidole, anakushika kiganja kizima na kukitikisa mara moja. Basi, mnyama ni wako.

Ekai akaingiza mkono chini ya shuka la mzee, huku akiendelea kumtukana kuhusu dume moja la zamani. Alipoutoa mkono alitoka nje, nami nikamfuata.

"Amenishika tano," akasema, "halafu tatu."

Nane. Mimi nilikuwa nimeandika mbili.

Nilimpigia sister palepale. Alikuja, akaongea na daktari, kipimo kikaongezwa. Usiku huo mzee alilala. Mama Halima aliniambia kwamba yeye pia alilala, na alisema hilo kama mtu anayeona aibu.

Tangu hapo nilikuwa nauliza kwa mkono. Wageni waliona salamu ndefu tu. Ijumaa moja tukiwa wawili peke yetu nilimwambia sasa anaweza kusema. Akakataa.

"Kwani wewe ni mgeni wa soko?"

Akanishika vidole viwili, akaongeza, "Jana nilikupea tatu. Leo mbili, kwa sababu wewe ni jirani."

Alipata wiki tano za namna hiyo. Asubuhi tulikuwa tunamtoa nje hadi kivulini, anahukumu mbuzi wa watu wanaopita.

Ijumaa ya mwisho alikuwa hasemi tena. Watu walikuwa msikitini. Niliingiza mkono chini ya shuka, nikasubiri vidole. Hakushika kidole hata kimoja. Alishika kiganja changu kizima, akakitikisa mara moja, akakiacha.

Alifariki kesho yake asubuhi, mkewe akiwa kando.

Sina hakika alimaanisha nini. Labda hakuwa na maumivu. Labda alikuwa ananiaga. Sister aliniuliza namba ya siku hiyo, na kwa mara ya kwanza niliandika maneno kwenye safu ya namba: "Amekubali bei."

Nililojifunza ni hili. Mtu anaweza kuzungukwa na wanaompenda, na kwa sababu hiyohiyo akashindwa kusema anaumia. Ukimuuguza mzee wako, usiulize tu. Tafuta jinsi alivyozoea kusema ukweli siku zote za kazi yake, umuulize kwa njia hiyo.

Wakuu mliowahi kumuuguza mtu asiyesema, mlimsomaje? Andikeni hapa chini. Daftari bado ninalo, na kuna mgonjwa mpya mtaa wa Chechelesi, mama aliyekuwa mshonaji. Naye anasema mbili.