Mlango wa Mama Nasaha

Mwaka jana nilirudi Sumbawanga kumuuguza shangazi. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nikisubiri majibu yake, nikamsikia kijana aliyekaa pembeni yangu akiongea na simu. Alikuwa amevaa kofia ya sufu, maana ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Ufipa kama hujaionja basi umesimuliwa. "Mshikaji, niko kwa mshauri hapa," alisema, kama mtu anayesema yuko kwa kinyozi. "Kichwa hakijakaa sawa siku hizi. Nikitoka nitakupigia." Akakata simu, akaendelea kutafuna karanga zake. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mimi ndiye niliyehisi uso unawaka, kana kwamba nimetajwa jina mbele za watu.

Rafiki yangu, ili unielewe, inabidi twende wote nyuma, kwenye mji ule nilipokuwa msichana wa darasa la tano. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa sabuni za kila rangi, malori ya wafanyabiashara wa Mbeya yakaja kununua mahindi yetu, na sokoni zikashushwa marobota ya mitumba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye kibaraza cha duka karibu na soko, futi ya kupimia shingoni, penseli sikioni, na nusu ya wanafunzi wa mji walivaa kaptula na sketi zilizopita mikononi mwake. Nikitoka shule nilipitia pale. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini chini kwa sumaku, kufagia vipande vya vitambaa, na kupuliza mkaa wa pasi mpaka macho yajae machozi. Nilipenda harufu ya kaki mbichi inapoguswa na pasi ya moto. Jioni tulirudi nyumbani, upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi, na mama alikuwa ametusongea ugali wa ulezi, mweusi, wa moto, kwa maharage au samaki, migebuka ya kukaushwa iliyoletwa kutoka ziwani, Wampembe. Baba alikula polepole akiimba chini chini sehemu ya besi ya wimbo wa Jumapili inayokuja. Alikuwa mwanakwaya.

Mitumba ilipozoeleka, kibaraza kikapoa. Mtu angeweza kupata suruali ya Ulaya sokoni kwa bei ya vifungo vya baba. Mwanzoni aliicheka. Akasema nguo ya maiti wa Ulaya haimkai mtu vizuri, watarudi tu. Hawakurudi. Nikipita kutoka shule nilimkuta amekaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa, miguu ikikanyaga, gurudumu likizunguka, sindano ikipanda na kushuka bila uzi. Nilimwamkia, akaitikia baada ya muda mrefu. Nyumbani aliacha kuimba. Kisha akaanza kuongea, lakini si na sisi. Alibishana na wateja ambao hatukuwaona, kuhusu nguo ambazo hakuna aliyeziagiza.

Asubuhi moja tulikuwa mstarini, mwalimu wa zamu akikagua kucha, nikamwona baba anaingia kwa lango la shule. Alivaa koti lake la kanisani na futi shingoni. Alimsalimia mwalimu kwa adabu zote, akamwambia amekuja kupima sare za shule nzima. Mwalimu alidhani ni kweli. Baba akaanza na mstari wa mbele, akiwazungushia watoto futi kiunoni na kutaja namba kwa sauti, lakini hakukuwa na wa kuziandika, na namba zenyewe hazikuwa za kiuno cha mtu yeyote. Kicheko kilianza kwa wakubwa wa darasa la saba kikasambaa kama moto wa nyasi. Ndipo baba akaniona. Akaniita kwa jina la utani ambalo aliniita nyumbani tu. "Njoo wewe, nikupime vizuri, wasikucheke."

Nilitoka mstarini nikaenda. Nilinyoosha mikono, akanipima mabega, akanipima urefu, huku shule yote ikicheka na mwalimu akiwa ameshaelewa, anatazama pembeni. Mikono ya baba ilikuwa ya baridi. Aliponimaliza, mwalimu alimshika mkono taratibu akamsindikiza hadi barabarani. Kuanzia siku hiyo jina langu shuleni likawa Futi.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Kaoze mara alipopata habari. Alilia kwa Kifipa tangu mlangoni, kisha akatulia na kusema kwamba mwanawe amechezewa na mafundi wenzake wenye wivu. Hakuna aliyembishia. Mjini kwetu, wakati ule, ukiugua malaria ulipelekwa hospitali, ukiugua akili ulitafutiwa mchawi. Hata sisi watoto tuliamini hivyo, na nakuambia ukweli, nilifarijika. Aliyelogwa ameonewa. Mwendawazimu ni kitu kingine, na watoto wake ni watoto wa mwendawazimu.

Baba mdogo akampeleka kwa mganga bondeni. Walikaa huko mpaka mahindi yakakauka mashambani. Alirudi amekonda, na kwenye vifundo vya mikono, pale fundi anapofungia saa, kulikuwa na makovu ya kamba. Baba mdogo alisema ilibidi, alikuwa anakimbia.  Mama alimwosha baba uani kwa maji ya moto, akamvisha shati safi lenye mikono mirefu, akamfunga vifungo mpaka vya mwisho.

Ndipo tulipousikia mlango wa mama nasaha. Alikuwa muuguzi mtu wa Mbeya, mwanamke mnene, mpole, aliyehamishiwa hospitali yetu baada ya kusomea kazi ya kuzungumza na wagonjwa. Alipewa chumba mwisho wa veranda. Kazi yenyewe iliitwa ushauri nasaha, na watu wakambatiza jina hilo. Tatizo ni kwamba neno hilo lilikuja mjini mguu kwa mguu na ule ugonjwa mpya ambao watu waliutaja kwa kunong'ona. Wanaokwenda kwa mama nasaha, ilisemekana, ni wale walioambiwa wana virusi. Watu walizunguka nyuma ya hospitali ili wasipite mbele ya mlango ule.

Mama alipomfikisha baba hospitali, daktari ndiye aliyemwambia ampeleke huko, pamoja na vidonge alivyompa. Mama alikaa wiki nzima akifikiri. Jumatatu iliyofuata alivaa kitenge chake cha Pasaka, akamshika baba mkono mmoja na mimi mwingine, tukapita barabara kuu, mbele ya soko, mchana kweupe. Nilimwomba tupite njia ya nyuma. Akasema njia ya nyuma ina matope.

Chumba kilikuwa na viti, meza, na dirisha lenye pazia lililoshonwa vibaya. Baba aliliona pazia kabla ya kitu kingine. Mama nasaha akamwamkia, "Habari za kazi, fundi?" Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyemwita hivyo. Hakumwuliza kuhusu sauti alizosikia wala nani kamloga. Alimwuliza kazi ilianza kupungua lini. Baba akaongea, kwanza kwa kukatakata, halafu kama mtu aliyefunguliwa. Kisha yule mama akamgeukia mama yangu, akamwuliza, "Na wewe, unalala?" Mama alifungua mdomo kujibu, machozi yakatangulia. Sikuwahi kumwona analia, si kwa kamba, si kwa lolote.

Mwisho akanigeukia mimi. Akaniuliza ni kitu gani kinanitisha. Alikuwa na uso ambao mtoto hawezi kuudanganya, nami nikasema lililokuwa moyoni.

"Naogopa baba asije akaja tena shuleni."

 Baba alikuwa akitazama mikono yake. Mama nasaha hakunikemea, wala hakunisifu. Alimwuliza baba kama amesikia. Baba akasema, "Nimesikia. Sitakwenda."

Tuliendelea kwenda, kila Jumatatu, na mji ukaendelea kutuona. Jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye mama alibadilishana naye mboga tangu nazaliwa, aliacha kula vya kwetu. Nilikuwa napeleka sahani iliyofunikwa, mtoto wake anairudisha pale pale mlangoni na kusema mama yake anashukuru, wameshashiba. Uji wa ulezi ambao mama aliuza asubuhi karibu na stendi ukawa unarudi na sufuria. Hakuna aliyesema kitu. Watu walitusalimia vizuri tu, tena kwa huruma, kama watu wanaosubiri msiba.

Ilikuwa bombani, foleni ya ndoo ikiwa ndefu na akina mama wote wa mtaa wapo, wakati mmoja wao alipomwuliza mama kwa sauti ya upole kama na watoto wameshapimwa. Mama alishusha ndoo.

"Mume wangu anaumwa akili," alisema. "Si ugonjwa mnaoufikiria. Anaumwa akili, anatibiwa, na yule mama pale hospitali anazungumza naye, na mimi pia anazungumza nami. Mkitaka kuniuliza, niulizeni mimi."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo iliyojaa bila mtu kufunga bomba. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Bora wangeendelea kudhani, nilifikiri. Ule ugonjwa mwingine angalau ulikuwa na wengi. Niliinua ndoo yangu iliyojaa nusu na kuondoka, na maji yakanimwagikia mgongoni njia nzima.

Siku chache baadaye jirani alikuja uani kwetu akiwa ameshika kona ya kanga yake. Mama alikuwa anachambua maharage. Jirani hakukaa. Aliomba radhi kwa zile sahani, kisha akasema kwamba mdogo wake wa kiume, ambaye sote tuliambiwa alikwenda kufanya kazi Kigoma, hajawahi kwenda kokote. Yuko kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa nje. Tulikuwa tumeishi ukuta mmoja na mtu yule miaka yote. Jirani akauliza kama Jumatatu anaweza kufuatana nasi. Mama akamsogezea ungo, wakachambua maharage pamoja.

Sitakudanganya kwamba baba alirudi kuwa yule wa zamani. Vidonge vilimtetemesha mikono mpaka ikawa mimi ndiye namtungia uzi kwenye sindano, na ilichukua muda mama nasaha kuzungumza na daktari wapunguze. Lakini alirudi kibarazani. Alianza kupunguza viuno vya ile ile mitumba iliyomwangusha, kukunja suruali za Wazungu warefu ziwatoshe Wafipa, na wateja wakawepo wa kutosha. Kanisani walimpokea kwa mikono miwili, ila kwenye kwaya nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa, na haikuachiwa tena. Aliimba akiwa kwenye mabenchi ya kawaida.

Na ahadi yake aliishika. Nilipomaliza darasa la saba alinishonea gauni jeupe lenye mikunjo midogo midogo kifuani, kazi ya wiki mbili. Wazazi wa wenzangu walikuja, wakakaa chini ya maturubai, wakapiga makofi. Nilimwomba baba aje. Nilimwomba kweli. Alinyoosha kola yangu akasema nimsalimie mwalimu.

Siku hizi kile kibaraza hakipo, pamejengwa duka la simu. Chumba cha mwisho wa veranda kilivunjwa. Mama nasaha alihamishwa nikiwa sekondari, na hakuna niliyemkuta anayejua alikokwenda. Jirani na mdogo wake walihamia Namanyere, ambako nasikia huyo mdogo wake aliwahi kufuga nyuki na kuoa. Uji wa ulezi stendi sijauona. Watu wanakunywa chai ya maziwa na chapati. Harufu ya kaki chini ya pasi ya mkaa sijui kama kuna mtoto anayeijua tena.

Baba alifariki mzee, kwa kifua, akili zake timamu. Siku ya kumzika uwanja ulijaa watu. Baba mdogo ndiye aliyesimama kueleza maisha ya marehemu: alizaliwa Kaoze, akajifunza ushonaji kwa wamisionari, akaoa, akapata watoto, akashona sare za mji mzima, akaimba besi. Tulikuwa tumekaa kikao cha familia tukakubaliana, na mimi nilikuwepo, kwamba mengine hayana haja. Alipofika kwenye uzee wake, mama, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na jeneza, akainua kichwa.

"Umeruka," alisema.

Baba mdogo akageuka kumtazama.

"Umeruka mwaka aliougua akili. Umeruka alivyopona."

"Shemeji," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini, "hapa kuna watu wengi."

"Ndiyo maana."

Baba mdogo akakohoa, akatazama watu, akasema. Alisema kwa kigugumizi, lakini alisema yote, hata bondeni, hata kamba. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia. Na mimi, mtu mzima mwenye kazi yangu na watoto wangu, nilikuwa nimeinama najifanya nafunga kamba za viatu, na viatu nilivyovaa siku ile havikuwa na kamba.