Buti Langu na Ngedere wa Ndandalo

Siku hizi nikipita Ndandalo natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano, maana nusu ya kijiji walikuwepo siku ile na nusu nyingine wameshasimuliwa.

Mimi sijatulia mahali tangu niache shule (nimepakia mchele Ipinda, nimeshona nyavu ziwani, nimekuwa fundi baiskeli nisiye na spana), lakini kambi ya Dokta Rehema ilinikamata. Alikuja kuchunguza ngedere wa pembeni mwa mashamba ya kakao, akakaa miezi akiwazoesha wasikimbie watu, na mimi nikapewa majaribio ya kuwafuatilia, yaani kukaa kimya na kutazama tu, jambo lililonipatia fimbo nyingi utotoni nilipotumwa kulinda kakao.

Siku ya kuamuliwa kama naajiriwa, Dokta aliwaalika wakulima waje wajionee. Akatuonya, "Hakuna kubeba chakula. Hakuna kurusha kitu. Hata chafya mezeni." Nikaacha panga, nikaacha manati, ila tunda moja la kakao nikalificha kotini (sikuwa nimekunywa chai, na ule utelezi mtamu wa mbegu nimeunyonya tangu mtoto, nikasema nani atajua).

Ngedere alijua. Dume moja likashuka, likawapita wageni wote, Dokta ananong'ona kwa furaha, "Mnaona lilivyotulia?", likaja moja kwa moja kwangu, likatia mkono kotini, likachomoa tunda.

Sasa wewe uliyekulia kwenye kakao, ukaona ngedere ameshika tunda, huwazi, unafukuza. Nikapiga yowe la shambani, nikavua buti nikalirusha, likamkosa ngedere likaipata kamera aliyoshika Dokta, kamera ikaelekea mferejini, Dokta akaifuata kichwa kikitangulia, na kundi zima likatokomea.

Kisha Mama Atupele, mwenye shamba, akapiga vigelegele. "Ndaga fijo, mwanangu! Asante sana! Miezi yote wanakula kakao yangu mnawatazama tu, kumbe mwanaume mmoja yupo!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Dokta akatoka mferejini, tope hadi kwenye nyusi, akaniambia polepole, "Wewe sura yako wameshaishika. Huwezi kuwafuatilia tena."

Na kweli. Mama Atupele alinichukua nimlindie kakao, na ngedere wakiniona tu, mmoja anapiga kelele, wote hao. Kule kambini nasikia wamerudi, wanasogea hadi miguuni pa watu. Mimi niliyetamani kuwaona kuliko yeyote nashinda shambani sioni hata mkia.

Ila tunda sifichi tena kotini. Nanyonya hadharani, hakuna wa kuninyang'anya.